Damu Chini ya Shuka: Uchambuzi wa Kisa cha Simulesheni ya Uzazi kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Wanafunzi wanne wa uuguzi, wa mwaka wa mwisho, wanaingia chumba cha mazoezi kumpokea mama aliyejifungua dakika 15 zilizopita. Kila mmoja wao ameshafaulu peke yake kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), kuchoma sindano ya msuli, kupima presha na kutaja sababu za damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua. Dakika 12 baadaye mama huyo, ambaye ni mwalimu aliyevaa kizazi bandia kiunoni, "amepoteza" mililita 1100. Dawa ya kwanza ya matibabu imeingia dakika ya 9. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, haijatajwa na mtu.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kutokana na makosa yanayojirudia katika mazoezi ya aina hii, na hakihusu chuo wala mtu fulani. Tumekichagua kwa sababu hakina mwanafunzi mzembe wala asiyejua. Ukiwauliza darasani, wote wangejibu sawasawa. Waliujua ujuzi mmoja mmoja, lakini hawakuwahi kufundishwa kuuunganisha saa ikiwa inakimbia na watu wanne wamezunguka kitanda kimoja. Kazi ya simulesheni, yaani zoezi linaloiga hali halisi ya wodini, ni kufundisha huko kuunganisha, na zoezi lisipopangwa kwa lengo hilo linabaki kuwa igizo.

Zoezi lilivyopangwa

Mama ana miaka 27 na huu ni uzazi wake wa nne. Uchungu ulichukua muda mrefu ukaongezwa kwa dripu ya oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), mtoto ana kilo 4.0, kondo limetoka lote, na oksitosini uniti 10 za msuli zilitolewa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Mwenye uzoefu akisoma maelezo hayo anajua mara moja pa kuangalia: uzazi wa nne, mtoto mkubwa, uchungu mrefu na dripu ya kuongeza uchungu vyote vinachosha misuli ya kizazi. Maelezo yalisomwa kwa wanafunzi kama makabidhiano ya zamu, wakayaandika wote. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba huyu mama yuko hatarini.

Malengo yalikuwa matatu tu: kuitambua damu nyingi kabla presha haijashuka, kuita msaada kwa ujumbe uliokamilika, na kuanza hatua za kwanza kwa pamoja badala ya kungoja moja iishe ndipo nyingine ianze. Zoezi lenye malengo saba halina lengo. Walimu wengi huongeza kumhudumia mtoto, kuzuia maambukizi, ridhaa na kumbukumbu katika dakika hizohizo 12, kisha mjadala unakosa pa kushika.

Damu ilikuwa maji lita 2 yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula, ndani ya mfuko uliofichwa chini ya gauni la mwalimu, na mrija wenye kibano ukitokea katikati ya mapaja. Mrija wa kawaida wa dripu hubana mno ukitaka mtiririko mkubwa, kwa hiyo uchukuliwe mpana zaidi. Kabla ya zoezi, mshika kibano anapaswa kupima: afungue kwa dakika moja, aache maji yaingie kwenye jagi lenye alama, aone ni mililita ngapi, kisha aweke alama kwenye kibano. Hatua hii hurukwa sana, na matokeo yake mama anatoka lita nzima ndani ya dakika 3, au anatoka matone tu na wanafunzi wanaona hakuna dharura.

Ratiba ya kisa ilikuwa hivi. Mwanzo kabisa kuna mililita 200 tayari chini ya makalio, mapigo 92, presha 118 kwa 74. Dakika ya 4 damu imefika 350, mapigo 108, presha 112 kwa 72. Dakika ya 8 damu 700, mapigo 122, presha 104 kwa 68. Dakika ya 12 damu 1100, mapigo 134, presha 84 kwa 50. Ukigawanya, mtiririko ni kama mililita 38 kwa dakika mwanzoni, 88 katikati na 100 mwishoni. Mshika kibano alikuwa pia na kanuni zake: kizazi kikisuguliwa kwa nguvu ipasayo mtiririko upungue nusu, oksitosini ikiingia kwenye mshipa upungue tena baada ya dakika 2, kibofu kisipotolewa mkojo kizazi kilegee upya kila mkono ukiondoka. Bila kanuni zilizoandikwa, kila kundi linapata mgonjwa tofauti, na huwezi kulinganisha chochote.

Kilichotokea

Mwanafunzi wa kwanza alisimama upande wa kichwa, akamsalimia mama na kumuuliza anajisikiaje. Mama akajibu, "Nesi, nasikia kizunguzungu, na huku chini nimelowa." Jibu likawa, "Usijali mama, ni kawaida ukishajifungua." Wa pili alikuwa anafunga kitambaa cha presha. Wa tatu alishika fomu. Wa nne alipanga troli.

Dakika ya 4 ikasomwa kwa sauti: "Presha 112 kwa 72, mapigo 108." Wa tatu akaandika. Ilikuwa dhahiri kwamba wote walipumua baada ya kusikia presha. Shuka lilikuwa bado limemfunika mama kuanzia kifuani hadi miguuni, limenyooshwa vizuri.

Dakika ya 5 na nusu mama alisema tena kwamba amelowa, na wa kwanza akafunua shuka. Akasema, "Damu!" Akaweka kiganja kimoja juu ya tumbo, karibu na kitovu, akaanza kuzungusha polepole kama anayepaka mafuta. Akamwambia wa nne, "Mwite daktari!" Wa nne akapiga simu ya mazoezi. Sauti upande wa pili ikauliza: mgonjwa gani, ana nini, mmefanya nini hadi sasa? Wa nne hakuwa na majibu. Akarudi kitandani kuuliza, akapiga tena. Simu ya pili iliisha dakika ya 8.

Katikati ya hapo wa kwanza alisema, "Tumwekee oksitosini." Hakumtaja mtu. Wa pili alidhani wa tatu ndiye aliyekuwa karibu na dawa, naye wa tatu alidhani wa pili ameshamaliza presha na ataifuata. Ilipita kama dakika moja na nusu kabla wa kwanza hajauliza, "Imeshaingia?" Dakika ya 9 uniti 10 zikaingia msulini. Dakika ya 10 walianza kuweka kanula ya namba 20, ambayo ni nyembamba, ingawa namba 16 na 18, zilizo pana zaidi, zilikuwapo kwenye troli ileile. Kuhusu kibofu, wa tatu alisema, "Nimeshamtoa mkojo," na mwalimu aliyeendesha zoezi akakubali. Zoezi likasimamishwa dakika ya 12.

Kwa nini walichelewa

Tuanze na shuka, maana ndilo lililoficha kila kitu. Damu inayotoka kwa mama aliyelala chali hukusanyika chini ya makalio na kunywewa na godoro na vitambaa. Hata ikionekana, kuikadiria kwa macho hutoa kiasi kidogo kuliko halisi, na pengo hukua kadiri damu inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 baada ya kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulianzia na kifaa cha kuonea: shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, linalowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Kipimo hicho kiliunganishwa na hatua zinazotolewa kwa pamoja, yaani kusugua kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, kuchunguza chanzo na kuita msaada. Matukio mabaya kwa ujumla wake, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, yalipungua kwa 60%.

Katika kisa chetu shuka la vipimo lilikuwepo, limekunjwa kwenye rafu ya chini ya troli. Wanafunzi walilijua. Ila kwa kuwa mama alikuja kwao akiwa ameshajifungua, waliamini kazi ya kulitandika ilikuwa ya zamu iliyopita. Pasipo shuka hilo bado ipo njia: pima kwenye mizani vitambaa vilivyolowa, toa uzito wa vitambaa vikavu vya aina hiyohiyo, na kila gramu moja ihesabu kama mililita moja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni presha. Mwili wa mama mjamzito huongeza damu kwa karibu 40% hadi 50%, na akianza kuvuja mishipa hujikaza. Anaweza kupoteza lita moja au zaidi huku presha ya juu, ile inayotajwa kwanza kati ya namba mbili, ikisomeka vizuri. Kinachotangulia ni mapigo. Dakika ya 4 mapigo yalikuwa 108 na presha ya juu 112. Gawanya mapigo kwa presha hiyo unapata 0.96. Uwiano huo ukifika 0.9 kwa mama aliyejifungua, ni kengele. Ukichanganya na damu iliyopita mililita 300, vigezo vya kuanza matibabu katika E-MOTIVE vilikuwa vimeshatimia: mililita 300 pamoja na dalili moja isiyo ya kawaida, au mililita 500 hata kama dalili zote ni nzuri. Kwa maneno mengine, namba iliyowatuliza wanafunzi ilisomwa pamoja na namba iliyopaswa kuwashtua, kwa sentensi moja, na masikio yakachagua ile ya kwanza.

Hili halitibiwi kwa kuwaambia wasome zaidi. Wengi wamefundishwa dalili za mshtuko kama orodha: presha kushuka, mapigo kupanda, ngozi baridi, kuchanganyikiwa. Orodha haionyeshi ipi hutangulia. Mwanafunzi aliyekariri orodha husubiri itimie.

Tatu, jibu la "ni kawaida". Lilitoka kwa moyo mwema. Wanafunzi hufundishwa kumtuliza mgonjwa, na ni haki. Lakini maneno ya kutuliza yakitangulia uchunguzi yanafunga mlango wa uchunguzi, kwa mgonjwa na kwa timu iliyosikia. Mama aliyelala kwenye damu yake ndiye wa kwanza kujua kwamba amelowa, na hapa alilazimika kusema mara mbili. Sentensi ya kuweka mahali pake ni fupi: "Nimekusikia mama, naangalia sasa hivi," na mkono uwe tayari umeshika shuka.

Nne, agizo lisilo na mwenyewe. "Tumwekee oksitosini" haina anayeambiwa, haina kipimo, haina njia. Agizo lenye jina, dawa, kiasi na njia hurudiwa na aliyeambiwa, na likitekelezwa hutangazwa: "Oksitosini uniti 10 imeingia, saa 4 na dakika 9." Mzunguko huo wa maneno matatu, kuagiza, kurudia na kutangaza, unachukua sekunde chache. Usipofunzwa kwa kurudiwarudiwa hadi uzoeleke, dharura ya kwanza huufuta. Vivyo hivyo simu: jina na mahali, tatizo, kilichokwisha kufanyika, kinachohitajika. Mwenye simu asitoke kitandani bila sentensi hizo nne mdomoni.

Na mkono wa kwanza juu ya tumbo. Kiganja bapa kinachozunguka karibu na kitovu hakisugui kizazi. Tafuta kilele cha kizazi, kikamate kwa mkono uliokunjwa kama kikombe, sugua kwa nguvu hadi kiwe kigumu, huku mkono wa pili ukishikilia juu ya mfupa wa kinena kukizuia kisisukumwe chini. Damu iliyoganda itoke. Kama kilele kimesukumwa juu ya kitovu au upande mmoja, fikiria kibofu kilichojaa kabla ya jambo jingine.

Makosa ya upande wa waliopanga zoezi

Hapa ndipo tunapotaka kukaa, kwa sababu ripoti nyingi za simulesheni huorodhesha makosa ya wanafunzi na kuishia hapo.

Kosa zito kuliko yote lilikuwa kukubali "nimeshamtoa mkojo". Kutamka kunachukua sekunde 2. Kumtoa mama mkojo kwa katheta (mrija wa kibofu), kwa usafi unaotakiwa, kunachukua dakika kadhaa na mikono miwili ya mtu mmoja ambaye kwa muda huo hawezi kufanya jingine. Ukiruhusu hatua itamkwe badala ya kutendwa, umefuta gharama ya muda, na umewafundisha wanafunzi timu ya watu wanne ambayo kwa kweli haipo. Zaidi ya hapo, mazoea ya kutamka huhamia wodini kwenye fomu: kazi inaandikwa imefanyika. Kanuni iwe moja na isemwe kabla ya zoezi: ambacho hakikufanywa kwa mikono hakikufanyika.

Lakini kanuni hiyo inamdai mwalimu kifaa. Kizazi bandia alichovaa mwalimu hakikuwa na kibofu, ndiyo maana wa tatu alitamka. Tiba yake si ghali: mfuko laini wenye maji mililita 500 uwekwe juu ya mfupa wa kinena chini ya ngozi bandia, ukiunganishwa na mrija unaopokea katheta. Ukipapasa unausikia, ukitoa maji, kizazi bandia kinarudi mahali pake. Kwa gharama ndogo hiyo wanafunzi wanapata uhusiano wa kibofu na kizazi kwa vidole vyao.

Kosa la pili ni traneksamiki kuwekwa kwenye kabati la dawa za kawaida, mbali na troli. Hakuna aliyeikumbuka kwa sababu hakuna aliyeiona. Wodi zinazofanya vizuri huweka vyote vya dharura hii kwenye sanduku moja: oksitosini au kumbusho la jokofu ilipo, kwa kuwa inahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, ampuli 2 za traneksamiki, misoprosto, kanula 2 za namba 16 au 18, seti 2 za dripu, maji lita 2, katheta, glovu ndefu na kadi ya vipimo. Zoezi lifanane na wodi nzuri tunayoitaka. Ukipanga chumba ovyo unapima uwezo wa kutafuta vitu.

Kadi ya vipimo ina umuhimu wake. Oksitosini ya matibabu katika hatua za E-MOTIVE ni uniti 10 kwenye mshipa, taratibu au ndani ya maji mililita 200 hadi 500 kwa dakika 10, kisha uniti 20 ndani ya lita moja kwa saa 4. Kuisukuma yote kwa mkupuo hushusha presha ghafla, jambo baya kwa mama ambaye tayari amepungukiwa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, lita moja kwa saa 4 ni matone 83 kwa dakika. Wanafunzi wahesabu kwa saa mkononi, si kwa kukisia. Traneksamiki ni gramu 1, yaani ampuli 2 za miligramu 500 zenye mililita 5 kila moja, ikisukumwa mililita 1 kwa dakika kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, kipimo cha pili kinaruhusiwa. Mwongozo wa hospitali husika ndio unaofuatwa mahali ulipotofautiana.

Dakika 10 za kusukuma sindano ni mfano mwingine wa gharama ya muda. Anayesukuma traneksamiki kwa usahihi hawezi kushika kitu kingine. Kundi likifanya hivyo kwa mikono, linagundua lenyewe kwamba linahitaji mtu wa tano, na hapo kuita msaada mapema kunapata maana ambayo hotuba haiwezi kuitoa.

La tatu liko kwenye maandalizi ya kabla ya zoezi, yaliyochukua dakika 3. Wanafunzi hawakuonyeshwa jinsi kizazi bandia kinavyoshikika kikiwa kigumu na kikiwa kimelegea, hawakujua simu inapigwaje, wala hawakuambiwa kama maksi zinatolewa. Dakika 10 hadi 15 hazipotei hapa: waguse kila kifaa, waelezwe kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi, waahidiwe kwamba yatakayotokea hayatoki nje ya chumba na kwamba siku hiyo hakuna maksi. Mwanafunzi anayehofia maksi hujificha nyuma ya fomu. Wa tatu katika kisa hiki aliandika kwa bidii dakika zote 12.

Mjadala wa baada ya zoezi

Zoezi la dakika 12 linastahili mjadala wa dakika 25 hadi 30, kwenye viti vilivyopangwa duara, mbali na kitanda. Ukibaki kando ya kitanda mikono inarudi kwenye vifaa na akili inabaki kwenye zoezi.

Dakika chache za kwanza ziachwe zipoe. Wanafunzi waseme walivyojisikia, bila kusahihishwa. Kisha mmoja asimulie kilichotokea kwa mpangilio, ili wote wakubaliane juu ya matukio kabla ya kubishana juu ya sababu. Hapa saa ya ukutani au rekodi ya video inasaidia, maana kumbukumbu za watu wanne kuhusu dakika ya 7 hutofautiana.

Kiini ni uchambuzi, na kinaharibiwa na maswali ya aina mbili. Moja ni swali lenye jibu ndani yake: "Hamkuona kwamba anatoka damu?" Hilo ni karipio. Jingine ni swali la kukisia mawazo ya mwalimu: "Nani ataniambia mlisahau nini?" Swali linalofanya kazi lina sehemu tatu: nilichoona, kwa nini kimenigusa, na ombi la kweli la kuelewa. "Niliona dakika ya 4 mapigo yamesomwa 108, na shuka likafunuliwa dakika ya 5 na nusu. Linanipa wasiwasi kwa sababu wakati huo damu ilikuwa imepita 300. Wakati namba zile zinasomwa, wewe ulikuwa unawaza nini?" Kisha mwalimu anyamaze. Sekunde 10 za kimya ni nyingi kwa mwalimu na ni chache kwa mwanafunzi anayetafuta jibu la kweli.

Jibu lililotoka ni, "Nilikuwa nasubiri presha ishuke ndipo niite." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko orodha nzima ya ukaguzi, kwa sababu inaonyesha kosa liko kwenye imani, si kwenye mkono. Mwalimu asingeuliza, angewafundisha upya kupima presha, jambo ambalo hawakulikosea. Baada ya jibu hilo, ubao na kalamu: chora mapigo na presha za dakika 0, 4, 8 na 12 kwenye mchoro mmoja, wanafunzi wenyewe wagawanye. 92 kwa 118 ni 0.78. 108 kwa 112 ni 0.96. 122 kwa 104 ni 1.17. 134 kwa 84 ni 1.6. Wanaona mstari wa uwiano unavyopanda tangu mwanzo, huku presha ikishuka kwa kasi mwishoni tu.

Mambo mawili au matatu yakichambuliwa hivyo yanatosha. Namba ya kanula iachwe kwa leo, au itajwe kwa sentensi moja.

Kurudia

Mjadala mzuri usiofuatwa na kurudia ni nusu ya somo. Kundi hilohilo lirudi kitandani siku hiyohiyo, kwa njia tofauti kidogo: mwalimu asimamishe zoezi papo hapo kosa linapotokea, aseme kipi kirekebishwe kwa sentensi moja, arudishe saa nyuma sekunde 10 hadi 20, waendelee. Wanarudia kipande hicho hadi kiende sawa, ndipo kinachofuata. Kwa wanafunzi wapya na kwa dharura yenye hatua zinazojulikana, njia hii inafaa kuliko kuliacha zoezi liende hadi mwisho, kwa sababu mikono inaondoka na tendo sahihi. Kwa wenye uzoefu, au lengo likiwa kufikiri katika hali yenye utata, usiwasimamishe. Waache wafike mwisho na matokeo ya uamuzi wao.

Katika marudio majukumu yatamkwe mlangoni: mmoja tumboni, mmoja mshipa na dawa, mmoja simu kisha kibofu, mmoja kichwani akizungumza na mama na kutangaza muda. Anayeandika si jukumu la peke yake kwa timu ya wanne. Anayetangaza muda ndiye anayeandika. Shuka la vipimo liwekwe kabla ya salamu kuisha. Pima vitu viwili tu: muda kutoka damu inapofika 300 hadi simu iliyokamilika, na muda hadi oksitosini ya matibabu kuingia. Vipimo hivyo viandikwe na mtu aliye nje ya zoezi, kwa saa.

Chumba kikikusanywa, dawa na maji ya mazoezi yahesabiwe moja moja na yafungiwe. Kila chupa, hata yenye maji tu, iwe na maandishi makubwa "KWA MAZOEZI TU, SI KWA MGONJWA". Marekani, mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa mafunzo yaliingia katika huduma, na watu zaidi ya 40 wakadungwa maji yasiyo safi. Kadhaa waliugua vibaya. Damu bandia imwagwe siku hiyohiyo, mifuko na mirija ioshwe na kukaushwa, la sivyo huota ukungu.

Ujuzi huu hufifia, kwa hiyo vipindi vifupi vya mara kwa mara vina faida kuliko siku moja ndefu kwa muhula. Dakika 15 mwanzoni mwa wiki, mdoli mmoja, hatua moja. Na yapo ambayo mdoli hautafundisha: joto la kizazi halisi chini ya mkono, mafuta ya tumbo yanayokificha, hofu ya mama ambaye hajalipwa kuigiza. Hayo yanabaki ya wodini, chini ya macho ya mkunga. Utafiti mkubwa wa baraza la kitaifa la bodi za uuguzi Marekani, uliotolewa 2014, ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za mafunzo ya vitendo zinaweza kufanywa kwa simulesheni bila matokeo ya wahitimu kushuka, lakini ulikuwa na walimu waliofunzwa kuendesha mjadala na vyumba vyenye vifaa. Chuo kisichotoa hayo kisijikopeshe namba hiyo.

Wiki tatu baadaye kundi lilelile lipewe mama mwingine. Kondo limetoka lote, kibofu kitupu, damu inatoka mfululizo nyekundu kali, mapigo 110. Safari hii kizazi kiwe kigumu kama mpira tangu mkono wa kwanza unapokigusa. Mwalimu akae kimya, ahesabu muda hadi mmoja wao aseme, "Kizazi kimekaza, tutafute mchaniko," na aombe taa.